Mwangwi Wenye Maana: Kuhusu Usemi wa Watoto Wenye Usonji



Ipo rai iliyoenea miongoni mwa walimu na hata baadhi ya matabibu, nami jioni hii nimeazimia kuipinga, isemayo kwamba mtoto mwenye usonji anapoyarejea maneno ya wengine kama mwangwi, huwa hasemi, bali anatoa sauti tupu, na kwamba yampasa mlezi kuikatiza sauti hiyo ili lugha sahihi ipate nafasi. Asili ya usonji na daraja zake naziacha, maadamu hadhirina mnazijua.

Laiti wenye rai hiyo wangeisoma makala ya Leo Kanner ya mwaka 1946, ambayo kwangu ni johari ya elimu hii! Tabibu huyo wa Baltimore, ambaye mwaka 1943 alikwisha kuwaeleza watoto 11, wanane wenye kusema na watatu wasiosema, anatusimulia habari za mtoto ambaye kila aonapo sufuria hutamka maneno mawili ya wimbo wa kitoto, jambo ambalo mgeni yeyote angalilihukumu kuwa ni upuuzi. Kanner hakuhukumu, alidadisi, akapata habari kwamba mtoto alipokuwa na umri wa miaka 2, mama yake alikuwa jikoni akimwimbia wimbo huohuo, mara sufuria ikamponyoka ikaanguka. Basi yale yaliyokuwa kinywani mwa mama saa ile ndiyo yaliyokuwa jina la sufuria.

Mpwa wangu, aliyelelewa Pangani, alikuwa akisema "baba keshafika" adhuhuri, ilhali baba yungali baharini, na mwalimu wake akamwamuru anyamaze; kumbe kila jioni mama yake husema hivyo kabla ya kupakua chakula, na kijana alikuwa na njaa. Wale waliomfundisha kunyamaza walimnyang'anya njia pekee aliyokuwa nayo ya kuomba wali.

Sikatai kwamba upo mwangwi usioelekea popote. Watafiti Prizant na Duchan, mwaka 1981, walipoainisha kazi saba za mwangwi urejewao papo hapo, mojawapo ilikuwa ni huo usio na lengo. Lakini sita zilizosalia, zikiwamo kuitikia, kuomba na kushika zamu katika mazungumzo, ni kazi zilezile tuzifanyazo sisi kwa ndimi zetu.

Wala wakati wa mtoto kujifunza kusema haupiti upesi kama wasemavyo wenye kukata tamaa: katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu watoto 535 waliochelewa mno kusema walipokuwa na miaka 4, asilimia 70 walifikia kuunganisha maneno, na asilimia 47 wakasema kwa ufasaha, walipotimiza miaka 8 au zaidi. Kwa hiyo nashikilia, na nitaendelea kushikilia, kwamba kabla mwalimu hajaukomesha mwangwi wowote, ni wajibu wake kwenda kwa mama mtu na kumwuliza maneno yale yalisikiwa wapi kwa mara ya kwanza, na siku ile kulikuwa na nini.