Nchi Jirani: Bendera ya Jahazi

Leo tunazungumzia bendera. Si ile inayopandishwa kambini alfajiri, bali ile inayopepea kwenye tezi ya chombo cha biashara. Chombo kikiwa bahari kuu, bendera hiyo ndiyo inayoeleza ni serikali gani yenye mamlaka juu yake. Kwa hiyo mwenye jambo la kuficha huanza kwa kutafuta bendera.

Pwani yetu iliijua hila hiyo zamani. Mwezi Juni 1873, Seyyid Barghash wa Unguja, akiwa ameshurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Manowari za Kiingereza zikawa zinapekua majahazi baina ya bara na visiwa. Ufaransa, hata hivyo, ilikataa vyombo vyenye bendera yake visipekuliwe na Waingereza. Manahodha, ambao aghalabu huisoma sheria upesi kuliko mahakimu, hawakuchelewa kuliona pengo hilo. Wenye majahazi kadha wa kadha wa Sur, huko Oman, walijipatia hati za Kifaransa, wakatweka rangi tatu za Ufaransa wakiwa ni raia wa Sultani wa Maskati.

Disemba 1881 pengo hilo lilidai roho ya mtu mwenye cheo. Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari London iliyotia nanga Unguja, alikuwa katika mashua ya moshi karibu na Pemba pamoja na mabaharia wachache, akalisogelea jahazi lenye bendera ya Kifaransa ili kuhakikisha hati zake. Watu wa jahazi wakawashambulia ghafla, naye akauawa akipigana. Ndani mlikuwa na watumwa.

Mwaka 1890 madola yalikutana Brussels yakaandika kanuni ambazo askari wa bandari wa leo angezitambua mara moja. Bendera isitolewe ila kwa mwenye chombo ambaye ni raia wa dola hilo au yuko chini ya himaya yake. Kibali kiwe cha muda, kifanywe upya. Majina ya mabaharia yaandikwe. Chombo kiwe na alama za kukitambulisha. Ufaransa iliuridhia mkataba huo tarehe 2 Januari 1892, lakini ikaviweka kando vifungu vya upekuzi.

Ugomvi ukabaki Maskati. Na tuseme kweli: Uingereza haikuwa inawalilia watumwa peke yao, ilitaka pia Maskati isiwe na mlinzi mwingine ila yeye. Hatimaye mabeberu hao wawili walipelekana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo ilitoa hukumu Agosti 1905. Bendera zilizotolewa kabla ya Januari 1892 ziliachwa. Baada ya hapo, Ufaransa haikuwa na ruhusa ya kuwapa raia wa Sultani bendera yake, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Tena haki hiyo haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine. Mahakama haikumuuliza mwenye jahazi kama anayo karatasi. Ilimuuliza yeye ni mtu wa nani.

Swali hilo liliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao katika kifungu cha 91 unadai kuwepo uhusiano wa kweli baina ya meli na nchi ya bendera. Lakini mkataba haukueleza uhusiano huo upimweje, na nchi nyingi zimefungua madaftari yao kwa meli zisizofika bandarini mwao hata siku moja. Majirani zetu wa Komoro wamefanya hivyo, nasi pia. Januari 2018 walinzi wa pwani wa Ugiriki waliikamata Andromeda, meli yenye bendera ya Tanzania, ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko vilivyokuwa vikielekea Libya. Mwezi huo huo Rais Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usimamishwe, na zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe.

Kwa mlinzi wa doria jambo hili si la vitabuni. Kifungu cha 110 kinairuhusu manowari kuingia katika meli ya kigeni bahari kuu kwa shaka ya uharamia, ya biashara ya watumwa, au ya kukosa utaifa. Dawa za kulevya hazimo katika orodha hiyo. Akikutana na jahazi la dawa lenye bendera halali ya nchi nyingine, kamanda hana budi kuomba idhini ya nchi hiyo, na idhini hutoka kwa ofisi iliyoliandika jina la jahazi daftarini, kama kuna mtu pale wa kujibu usiku huo.