C- Mbili Hazilingani: Mwanafunzi Mpya na Hisabati ya Muhula wa Kwanza

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Idara ya Elimu ya kaunti, mbele ya wazazi na wanafunzi wanaojiunga na vyuo)



Barua za kujiunga na vyuo zimetoka, na masanduku yanafungwa. Kabla ya safari, familia ijiulize swali moja: je, kijana yuko tayari kwa hisabati na sayansi ya muhula wa kwanza?

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi, huangalia kwanza alama ya wastani ya KCSE. Katika vyuo vya kiufundi, diploma, yaani Kiwango cha 6, huhitaji C-. Cheti cha Kiwango cha 5 huhitaji D. Kiwango cha 4 humpokea hata aliyepata E.

Lakini wastani huficha mambo. Chukueni wanafunzi wawili. Wa kwanza ana C- katika masomo yote saba yanayohesabiwa, jumla pointi 35. Wa pili ana C katika masomo sita na D- katika Hisabati, jumla pointi 38. Wote wawili wana wastani wa C-, na wa pili hata amemshinda mwenzake. Wakiketi katika darasa moja la diploma ya umeme, huyo wa pili ndiye atakayeachwa nyuma mapema.

Na hesabu hizo si za kupita mtihani tu. Birika la wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 10. Fundi asiyeweza kugawanya hapo atachagua waya mwembamba, waya utapata moto, na nyumba itaungua. Muuguzi akiambiwa ampe mtoto miligramu 200 za dawa ya maji yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, jibu ni mililita 8. Nukta ikikosewa, anayeumia ni mtoto.

Basi familia ifanye nini?

Kwa ambaye bado hajachagua kozi, asitazame wastani peke yake. Tovuti ya KUCCPS huonyesha pia masomo na alama ambazo kozi fulani inadai. Azilinganishe na matokeo yake, somo kwa somo.

Aliyekwisha pata nafasi ajipime nyumbani. Achukue vitabu vyake vya hisabati, ajaribu sehemu, uwiano, kubadilisha vipimo na kupanga upya fomula. Palipo na shida, aanze kurudia sasa. Wiki ya kwanza chuoni, amwone mkuu wa idara akiwa na matokeo yake, aulize hisabati gani inaanza na msaada gani upo. Kuuliza wiki ya kwanza ni rahisi kuliko kurudia mwaka.

Kama pengo ni kubwa, kuanza ngazi ya chini si aibu. Kiwango cha 4 hufungua njia ya 5, na 5 ya 6. Anayemaliza Kiwango cha 5 ana cheti mkononi na anaweza kuendelea. Anayeanza diploma kwa mkopo wa HELB kisha akaacha katikati hubaki na deni bila cheti. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti, ambavyo Katiba ya 2010 iliviita vijiji politekniki, vipo kwa ajili ya mwanzo kama huo.

Hata hivyo, anayeweza asirudishwe nyuma. Binti mwenye B- katika Fizikia na Hisabati asiondolewe kwenye uhandisi kwa kuwa ni msichana. Kumweka mtu chini ya uwezo wake ni hasara sawa na kumweka juu yake.

Wazazi, leo jioni chukueni karatasi ya matokeo, mkae na kijana, msome kila mstari.