Eneo la Wazi si Eneo Lisilo na Mwenyewe



Katika miji mingi midogo ya Tanzania kipo kiwanja kimoja ambacho kila mkazi anakijua, lakini hapana anayeulizia habari zake. Jioni watoto huchezea mpira hapo. Siku ya sikukuu watu hukusanyika hapo. Msiba ukitokea katika nyumba finyu, maturubai hufungwa hapo. Wakati wa uchaguzi wagombea husimama hapo kuomba kura. Hakina ukuta, hakina mlango, wala hakitozi kiingilio. Katika mchoro wa mipango miji kiwanja hicho kimeandikiwa maneno matatu tu: eneo la wazi.

Maneno hayo yamewapotosha watu wengi. Wapo wanaoyasoma kana kwamba yameandikwa "eneo lisilo na mwenyewe". Hilo ni kosa kubwa. Eneo la wazi lina mwenyewe, na mwenyewe ni umma wa mji ule: waliopo leo na watakaozaliwa kesho. Halmashauri ya mji ni mlinzi wake tu. Mlinzi akipewa ufunguo wa ghala hapewi ruhusa ya kuuza mahindi.

Jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini ni hili: maeneo ya wazi hayaporwi kila mara usiku kwa mapanga na marungu. Mara nyingi hupotea mchana, kwa karatasi, katika kikao, na kwa mihuri iliyo halali machoni. Kwa hiyo anayetaka kukilinda kiwanja cha watoto hana budi kujua jinsi maamuzi ya halmashauri yanavyofanywa.

Historia ya miji inatoa fundisho. Wakati wa ukoloni nafasi za kupumzikia ziligawanywa kwa rangi ya mtu. Uzunguni palikuwa na bustani, miti ya kivuli na viwanja vya michezo. Mitaa ya Waafrika ilikuwa na nyumba zilizosongamana, na hata ngoma ilikuwa na masharti ya kibali. Mjini Dar es Salaam, eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi ili kuitenga mitaa ya Waafrika, kama Kariakoo, na mitaa ya watu wa jamii nyingine. Lakini uwanja ulioachwa ili kuwatenga watu ndio uliokuja kuwakusanya. Mikutano ya TANU ya kudai Uhuru ilifanyika Mnazi Mmoja, na maelfu ya watu wakasimama juani kuisikiliza. Nafasi ya wazi, basi, si pambo la mji. Ni mahali ambapo watu wasio na ukumbi wala klabu hupata kuonana na kuwa umma mmoja.

Fundisho la pili ni la miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka hiyo halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, na shughuli zake zikawekwa chini ya utawala wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kusogeza madaraka karibu na wananchi, hasa vijijini. Mijini matokeo yalikuwa tofauti na yaliyotarajiwa. Taka zilirundikana, mifereji iliziba, barabara zilibomoka, na kipindupindu kilizuka. Ilionekana wazi kwamba mji hauwezi kukaa bila chombo chake chenye wajibu wa kila siku. Mwaka 1978 Bunge lilitunga sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 ikafuata Sheria Namba 8 ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za miji, na miaka miwili baadaye Katiba yenyewe, katika ibara za 145 na 146, ikaziwekea serikali za mitaa msingi wake, kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi.

Hivyo halmashauri si zawadi ya mtu wala si duka la mtu. Ilirudishwa kwa sababu kutokuwapo kwake kuliwagharimu watu afya na maisha. Ni ajabu, basi, halmashauri iliyorudishwa ili kuutunza mji ikawa ndiyo inayoumega.

Namna ya kuumega inafaa ielezwe hatua kwa hatua, maana ubaya wake uko katika upole wake.

Kwanza kiwanja huachwa bila kutunzwa. Nyasi hazikatwi, mawe ya mipaka hung'oka na hayarudishwi, taka huanza kutupwa pembeni. Pili, husemwa kwamba kiwanja kimekuwa kichaka cha wahuni. Tatu, hutokea mtu mwenye nia njema, kwa maneno yake, akaomba sehemu ndogo tu, tena kwa muda tu, aweke kibanda au gereji. Nne, ombi hilo huingia katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira likiwa limefungwa pamoja na mambo mengine mengi, likapita. Tano, kibanda cha mabati hugeuka kuwa cha matofali. Sita, miaka ikipita, husemwa kwamba eneo limekwisha kuendelezwa, hivyo lililobaki ni kubadili matumizi katika mchoro ili karatasi ilingane na hali ilivyo. Siku hiyo watoto huhamia barabarani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika jambo hili haba na haba humaliza kibaba. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo sita iliyoonekana kubwa kiasi cha kuamsha watu, lakini jumla yake ni kupotea kwa mali ambayo haiwezi kununuliwa tena. Halmashauri inaweza kujenga soko jipya au kununua gari jipya la taka. Kutengeneza kiwanja kipya katikati ya mji uliokwisha kujaa ni kazi ya kubomoa nyumba za watu na kulipa fidia, na hakuna mji mdogo wenye fedha hizo.

Dar es Salaam imekwisha kuonja uchungu huo. Mwaka 1992, mradi wa kuuendeleza mji huo kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa ulipoanza kuorodhesha matatizo yake makubwa, usimamizi wa maeneo ya wazi na ya mapumziko uliwekwa miongoni mwake, pamoja na taka, makazi yasiyopimwa na usafiri. Miji midogo ina bahati ya kuyaona hayo kabla hayajaifika. Na hayako mbali. Mwaka 1967, katika kila Watanzania 100 waliokuwa wakiishi mijini hawakufika 10. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wamekaribia 35. Mji ulio mdogo leo hautakuwa mdogo kesho, na nafasi isiyowekwa sasa haitapatikana baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yapo maelezo yanayotolewa na watetezi wa kugawa viwanja, na si haki kuyapuuza. Husemwa kwamba halmashauri ni maskini, na kiwanja kilicholala hakiingizi hata senti. Husemwa pia kwamba vijana wasio na kazi wanahitaji mahali pa kufanyia biashara kuliko wanavyohitaji bustani.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba kodi ya vibanda huonekana katika vitabu vya mapato. Lakini gharama ya kupoteza kiwanja haiandikwi katika vitabu hivyo. Ardhi ya wazi hunywa maji ya mvua. Ikifunikwa kwa saruji, maji hutafuta nyumba za watu. Mtoto asiye na pa kuchezea huchezea penye magari. Kijana asiye na uwanja jioni hutafuta burudani yake kwenye pombe. Mzee aliyeambiwa na daktari atembee kwa ajili ya moyo au sukari hukosa pa kutembea. Gharama hizo hulipwa, ila hulipwa hospitalini, polisi na majumbani, na kwa hiyo halmashauri huziona kama si zake.

Kuhusu biashara, si lazima mchuuzi na bustani wawe maadui. Bustani ya Forodhani mjini Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1936, ilikuwa imechakaa sana kabla ya kutengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wauza vyakula wa jioni, ambao ni sehemu ya sifa ya mahali pale, hawakufutwa. Walipangiwa mahali na utaratibu wao, na watoto wakapata pa kuchezea. Penye mpango, mchuuzi ana nafasi yake na nyasi zina nafasi yake. Pasipo mpango, mchuuzi hutangulizwa kama ngao, na baada ya miaka michache hata yeye hufukuzwa ili jengo la mkubwa lisimame.

Hapa ndipo linapoingia suala la sheria ndogo. Sheria hizi huitwa ndogo, lakini ndizo zinazomgusa mwananchi kila siku: kelele za usiku, utupaji wa taka, mifugo inayozurura, ushuru wa soko na matumizi ya bustani. Zikitumika kwa haki huujenga mji. Moshi imejulikana nchini kote kwa usafi wake, na siri yake haiko katika ufagio peke yake. Mkazi na mgeni wote wanajua kwamba mtu akitupa taka ovyo atatozwa faini. Sheria inayojulikana na inayomfuata kila mtu huacha kuwa adha, ikawa desturi.

Kinyume chake ni sheria ndogo inayoona upande mmoja. Katika mji fulani mgambo humkamata mwanamke anayeuza karanga pembezoni mwa bustani na kumnyang'anya sinia, huku ndani ya bustani hiyo hiyo nguzo za zege zikiinuka bila mtu kuuliza. Mtoto hukemewa kwa kukanyaga nyasi, na aliyezing'oa nyasi zote huitwa mwekezaji. Sheria ya namna hiyo hufundisha watu kudharau sheria zote.

Inafaa wananchi wakumbuke kwamba sheria ndogo haizaliwi gizani. Halmashauri hutakiwa kutangaza kusudio lake ili wakazi watoe maoni na mapingamizi. Madiwani huijadili na kuipitisha, Waziri mwenye dhamana huiridhia, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Vivyo hivyo ombi la kubadili matumizi ya kiwanja hutakiwa kutangazwa kabla ya kuamuliwa. Tatizo ni kwamba tangazo hubandikwa kwenye ubao ambao hausomwi na mtu, na ukimya wa wakazi huchukuliwa kuwa ndiyo kibali chao.

Ukimya huo unaweza kuvunjwa. Mwaka 1989, huko Nairobi, ulikuwapo mpango wa kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na waliolitaka walikuwa watu wenye nguvu. Profesa Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi akiuliza kwa nini bustani ya wananchi ijengwe. Alikejeliwa Bungeni, na kesi yake mahakamani haikufua dafu. Lakini suali lake lilikuwa limekwisha kuwa suali la watu wote. Wafadhili walirudi nyuma, mpango ukafa, na bustani ikabaki. Ikiwa barua ziliweza kusimamisha ghorofa 60, mkutano wa mtaa hauwezi kushindwa kusimamisha gereji moja.

Wajibu, basi, unajulikana. Madiwani waagize orodha ya maeneo yote ya wazi ya mji wao, ukubwa wake na mipaka yake, na orodha hiyo isomwe mbele ya wananchi. Mawe ya mipaka yarudishwe na miti ipandwe, kwa maana kiwanja kinachotunzwa ni vigumu kukiita pori. Ombi lolote linalohusu eneo la wazi lipelekwe kwanza kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa unaohusika, na lijadiliwe peke yake, si kufichwa katikati ya mafungu mengine. Diwani mwenye maslahi katika ombi hilo aseme na atoke nje. Na neno "kwa muda" likitumika, tarehe ya mwisho iandikwe.

Wananchi nao wasijitoe katika lawama. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja. Mkazi anayetupa taka zake kiwanjani usiku anamsaidia mnyang'anyi kukiita jalala. Mzazi asiyehudhuria mkutano wa mtaa asishangae mwanawe akirudi na mpira mkononi akisema wamefukuzwa. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Wakazi waende, wakae, wasikilize na wakumbuke nani alisema nini.

Kuna madiwani wanaoona haya kumkatalia mtu mkubwa. Hao wakumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Muda wao wa uongozi ni miaka mitano, lakini kiwanja kikitolewa hutolewa milele. Itakuja siku ambapo wajukuu wao wenyewe watauliza mji huu ulikuwa na uwanja wapi, na jibu litakuwamo katika muhtasari wa kikao, pamoja na majina ya waliohudhuria.