Mfinyanzi Aliyetoboa Vyungu Vyake



Niliombwa niseme juu ya ajira serikalini. Mniwie radhi, nitasema juu ya mfinyanzi mmoja Mmarekani, Peter Voulkos. Naona habari zake zinawafaa zaidi ninyi mnaongojea mtihani.

Alizaliwa mwaka 1924 huko Bozeman, Montana, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliwalipia karo askari waliorudi, naye akaingia chuo kusomea uchoraji. Hapo ndipo alipoushika udongo. Mwalimu wake, Frances Senska, alikuwa amezaliwa Afrika, huko Kameruni, binti wa wamisionari.

Voulkos alikuwa na mkono. Vyombo vyake vya awali vilikuwa laini, vimelingana kila upande, na vilimpatia tuzo. Tangu mwaka 1951 yeye na mwenzake Rudy Autio walifanya kazi katika kiwanda cha matofali cha Archie Bray, mjini Helena. Angeweza kuishi vizuri kwa kuuza mabakuli.

Mwaka 1954 akaitwa Los Angeles kuanzisha idara ya ufinyanzi, na huko akaanza kukata, kutoboa na kurundika vyungu kimoja juu ya kingine. Kazi yake ya mwaka 1956, iitwayo Rocking Pot, ni chungu kilichopinduliwa, kimejaa matundu, kimekaa juu ya miguu ya kuyumba. Maji hakiweki hata tone! Mkuu wa chuo hakupendezwa na mwelekeo huo, na mwaka 1959 Voulkos akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akafundisha hadi mwaka 1985.

Nasikia minong'ono huko nyuma: hata mtoto hutoboa chungu. Kweli, lakini mtoto hajui kukifinyanga. Huyu alijua kwanza, ndipo akatoboa. Maofisini kwetu nimewaona wa aina mbili: wanaotaka kutoboa bila kujua kufinyanga, na wanaofinyanga bakuli lile lile miaka thelathini wakingoja kustaafu. Sisemi niko kundi gani. Mke wangu yupo hapa.

Voulkos alifariki Februari 2002 huko Bowling Green, Ohio, akiwa na miaka 78. Alikuwa amekwenda chuoni pale kuwaonyesha wanafunzi jinsi anavyofinyanga.