Stakabadhi Ni Ngao: Polisi, Rushwa na Haki za Raia
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mahurunga)



Twanena juu ya polisi, rushwa na haki za raia. Hatukusudii kuwatukana askari. Sisi tukaao kando ya Ruvuma twajua haja ya ulinzi: Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto kutoka Msumbiji, wakakishambulia kijiji cha Kitaya na kuua watu. Siku kama ile raia hana kimbilio ila askari. Lakini askari naye hutegemea habari za raia. Na raia aliyetozwa fedha kituoni hatarudi pale kutoa habari. Basi rushwa huupofusha ulinzi wenyewe.

Tena madhara yake hayaishii katika fedha. Twaikumbuka sote habari ya kijana mfanyabiashara wa madini, mwenyeji wa Nachingwea, aliyeuawa Mtwara Januari 2022. Ilielezwa kuwa alikuwa akidai fedha zake zilizochukuliwa na polisi. Askari saba walishtakiwa. Na Juni 2025 Mahakama Kuu, iliyoketi Mtwara, iliwatia hatiani wawili, ikawahukumu kunyongwa, na watano ikawaachia huru. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2023, Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikwisha kupendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe liwe chombo cha huduma.

Yatupasa kujiuliza: je, sheria ilikosekana? La, haikukosekana. Katiba ya 1977, ambayo haki za raia ziliingizwa ndani yake mwaka 1984, yakataza mtu kuteswa, na yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yamtaka askari amweleze mtu sababu ya kumkamata. Akichukua mali katika upekuzi, hana budi kutoa stakabadhi, mwenye mali na mashahidi watie sahihi. Aliyekamatwa bila hati, asipoweza kufikishwa mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo achunguze shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Na hapo afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo. Dhamana hiyo hainunuliwi.

Tazameni, mabwana na mabibi, jinsi haki hizi zinavyosimama juu ya maandishi: saa ya kukamatwa, orodha ya mali, sahihi ya shahidi. Wazee walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na haki ni vivyo hivyo. Fedha isiyoandikwa popote ni rahisi kukanwa, na mwenye kuidai hubaki na neno lake tupu.

Hapa ndipo ilipo kazi yetu sisi makarani. Wavuvi na wakulima wengi hawajui kwamba waweza kuomba stakabadhi, na wajuao huogopa. Tuwafundishe kuomba kwa adabu, bila matusi wala mabishano. Wakumbuke jina la askari, siku na saa. Na wakidaiwa fedha, wapeleke habari TAKUKURU. Tuwakumbushe pia kwamba sheria ya 2007 humtia hatiani mtoaji wa rushwa sawasawa na mpokeaji.

Lakini karani atakaye "chai" ndipo aandike barua ya mjane hana kinywa cha kumkemea askari. Meza zetu ziwe safi kwanza.

Twaomba Chama kiazimie leo kwamba mwanachama mmoja katika kila kijiji awasomee watu haki hizi katika mkutano wa kijiji, na mkuu wa kituo cha polisi aalikwe asikie na ajibu maswali. Askari mwema hatachukia, kwa kuwa stakabadhi humkinga yeye pia asisingiziwe wizi.