Eropleni za Kazi na Picha Zake

Leo twataka kunena habari za eropleni za kazi za zamani, zile zenye injini ya duara puani, na kueleza jinsi yapasavyo kuzitazama na kuzipiga picha.

Pengine mtu atauliza, watu wa karafuu na bahari wana haja gani na habari hizi? Twamjibu kwa mfano wa mtepe. Zamani mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, ulikuwa ukisafiri katika pwani yetu. Kisha ukatoweka, na wale waliotaka kujua jinsi ulivyoundwa iliwapasa kutafuta picha za zamani na mifano midogo iliyosalia. Picha iliyoonyesha tanga tu kwa mbali iliwafaa kidogo. Iliyoonyesha mshono wa mbao iliwafaa sana. Basi eropleni hizi nazo zimeshika njia ile ile ya mtepe.

Iliyo maarufu miongoni mwao yaitwa Beaver, nayo iliundwa Kanada na kampuni ya de Havilland, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947. Waundaji wake waliwauliza kwanza marubani wa nyika za kaskazini, watu waliozoea kutua katika maziwa na theluji, wanataka chombo cha namna gani. Majibu yao yaonekana hata leo katika umbo lake. Bawa liko juu, ili lisigonge gati wala kichaka. Milango ni mipana, hata pipa la mafuta laweza kubingirishwa ndani. Tundu la kutilia oili ya injini limo katika chumba cha rubani, ili aweze kuongeza oili hali chombo ki angani. Beaver ziliundwa zaidi ya 1,600. Ndugu yake mkubwa, Otter, iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Desemba 1951, nazo ziliundwa 466.

Injini za eropleni hizi mbili zilitoka kwa Pratt & Whitney wa Marekani; ya Beaver ina nguvu za farasi 450, na ya Otter 600. Kila moja ina silinda tisa zilizopangwa kuzunguka mhimili mmoja, mfano wa miale ya jua. Haina maji ya kuipoza, bali hupozwa na upepo upitao katika mapezi ya silinda. Moto hauwaki kwa kufuatana, silinda hii na jirani yake, bali huruka moja: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, kisha ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kwa hiyo hesabu ya silinda haina budi kuwa witiri. Ingalikuwa shufwa, mzunguko huo usingalitimia sawasawa. Injini ikilala, oili hushuka katika silinda za chini. Ndiyo sababu mafundi huizungusha rafadha kwa mikono kabla ya kuiwasha, na ndiyo sababu moshi mweupe hutoka inapoamka.

Habari ya Otter yatugusa sisi kwa njia isiyokumbukwa na wengi. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikisaidia kuanzisha kikosi cha anga cha Tanzania. Lakini Zanzibar ilikuwa imekwisha kufanya urafiki na Ujerumani ya Mashariki, na kwa sababu ya ugomvi wa Wajerumani hao wawili, msaada wa kijeshi wa Magharibi uliondolewa mwaka 1965. Kanada ikashika mahali pake, na Otter zikaja, pamoja na Caribou, zote za injini za duara. Basi shauri la visiwa vyetu lilikuwa miongoni mwa sababu zilizozileta eropleni hizo katika nchi.

Atakaye kulinganisha ya kale na ya sasa, na aitazame Cessna Caravan katika kiwanja cha ndege cha Pemba. Bawa lake li juu, magurudumu yake hayakunjwi, nayo hubeba watu na mizigo kama Otter. Ila pua yake ni nyembamba, kwa kuwa ndani yake mna injini ya turbini, na turbini hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Injini ya duara hutaka petroli ya ndege, ambayo ni ghali na haipatikani kila kiwanja. Kwa hiyo Otter nyingi zimeng'olewa injini zao za asili zikatiwa turbini. Tarehe 10 Desemba 2019, huko Vancouver, Beaver moja iliruka kwa injini ya umeme.

Hatuwalaumu wafanyao hivyo, maana chombo cha kazi lazima kipate riziki yake. Lakini wahenga walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Injini ya duara ikiisha kung'olewa, mwili wa eropleni hausimulii tena jinsi ilivyofanya kazi. Itakayosimulia ni picha, nayo yataka kupigwa kwa makusudi.

Kwanza, ombeni ruhusa, maana viwanja vya ndege ni mahali pa ulinzi. Wala msisimame mbele ya rafadha, hata ikiwa imetulia.

Pili, nendeni asubuhi, jua likiwa chini, lipate kuingia katika mapezi ya silinda. Jua la adhuhuri huitia pua yote kivuli cheusi. Msiombe eropleni ifutwe kwanza. Doa la oili chini ya injini, rangi iliyochubuka mlangoni, na kidato kilicholika kwa viatu vya abiria, hayo ndiyo mshono wa mtepe.

Tatu, injini ikiwaka, angalieni mwendo wa kamera. Rafadha ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, ni mara 30 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, rafadha itakwenda karibu robo ya mzunguko, na picha itaonyesha kuwa yazunguka. Ikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000, rafadha itaonekana imesimama, kana kwamba chombo kimekufa. Watumiao simu za mkononi wajue kuwa simu nyingi huisoma picha mstari baada ya mstari. Rafadha huonekana imepinda kama ndizi, na kosa si la fundi wa eropleni.

Mwisho, andikeni chini ya kila picha jina la eropleni, namba iliyoandikwa ubavuni, mahali, na mwaka. Na fundi wa zamani akiwapo, mwulizeni kazi ya kila kitu mlichokipiga picha, mkayaandike maneno yake kama alivyoyasema. Yeye naye hatakuwapo siku zote.