Mzoga Huu ni wa Nani? Wajibu wa Taasisi za Serikali Ugonjwa Unapoingia Bandani



Mafua makali ya ndege hayaishi kuku anapokufa. Virusi hubaki katika mzoga, manyoya na kinyesi. Kunguru, mbwa, matairi na viatu huweza kuvifikisha kwa jirani. Kuteketeza mizoga ni kudhibiti ugonjwa wenyewe. Hoja yangu ni kwamba mahali pa kuizika na mwenye mamlaka ya kutoa kibali vijulikane kabla ugonjwa haujaingia.

Mwaka 2015 jimbo la Iowa, linaloongoza Marekani kwa mayai, lilipoteza kuku na bata mzinga zaidi ya milioni 30. Kazi zilikuwa zimegawanywa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilithibitisha ugonjwa, ikaamuru ndege wauawe na ikalipa fidia. Idara ya kilimo ya jimbo ilisimamia karantini. Idara ya maliasili ya jimbo ilikagua mahali pa kuzika na kuchoma, ili uchafu wa mizoga usiingie visimani. Hata hivyo, baadhi ya madampo yalikataa kupokea mizoga, nayo ikaendelea kuoza mashambani huku mazungumzo yakiendelea. Wataalamu hawakukosekana, kilichokosekana ni makubaliano ya mapema na wenye madampo.

Njia iliyosaidia wengi huko ni kugeuza mizoga kuwa mboji. Mizoga hupangwa juu ya kitanda kinene cha maranda ya mbao, huchanganywa na takataka za bandani, kisha hufunikwa kwa maranda zaidi. Vijidudu vinavyoozesha huzalisha joto. Tuta likifika nyuzi 55 za Selsiasi na kubaki hapo siku tatu mfululizo, virusi hufa. Baada ya siku 14 tuta hugeuzwa, likaachwa siku nyingine 14. Afisa huchoma kipimajoto kirefu sehemu mbalimbali za tuta na kuandika kila kipimo. Bila rekodi hiyo, tuta haliruhusiwi kuguswa.

Suala la fidia linatugusa zaidi. Marekani hulipia ndege waliouawa kwa amri, haiwalipii waliokwisha kufa kwa ugonjwa. Hivyo anayetoa taarifa mapema hupata zaidi. Kwetu Tanzania, mfugaji asiye na tumaini la kulipwa huwahi kuuza kuku wanaoumwa, na ugonjwa hupanda nao kwenye matenga hadi mnadani. Hatuwezi kumlaumu mtu ambaye ada ya shule ya wanawe imo bandani.

Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, ziwa tunalolitumia pamoja. Hatari hii si ya mbali.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kila halmashauri, ikishirikiana na daktari wa mifugo na wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, itenge sasa maeneo ya kuzikia yaliyo mbali na visima. Wizara ya mifugo iandae mfuko wa fidia wenye utaratibu wa kulipa haraka. Na kila kijiji kijue afisa mmoja wa kupigiwa simu, mwenye mamlaka ya kutenda siku hiyohiyo.